Kwenye FMISO, usiibe dakika za kukausha

Ukianza kutengeneza FMISO, dawa ya mionzi inayoonyesha kwenye picha sehemu za uvimbe zenye upungufu wa oksijeni, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni habari ya saa. Ni kweli, florini-18, ndiyo mionzi yenyewe ya dawa hii, hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi, na mgonjwa anakusubiri. Lakini kinachoharibu kazi zaidi ni maji.

Saiklotroni, mashine inayotengeneza florini-18, inakupa floraidi (florini hiyo katika umbo la ioni) ikiwa ndani ya maji yenye oksijeni-18. Unaipitisha kwenye kichujio kinachoinasa, unaitoa kwa potasiamu kaboneti na kriptofiksi (kemikali inayoshika potasiamu ili floraidi iwe huru kufanya kazi), kisha unaikausha kwa asetonitrili, joto na pampu. Floraidi iliyozingirwa na maji haishikani na kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilikatisha ukaushaji dakika 5 kabla, maana tulikuwa tumechelewa. Kupitia kioo kizito niliona ukungu mwembamba kwenye shingo ya chupa, nikajiambia utaisha wenyewe. Hatukupata hata dozi moja. Mama aliyesafiri tangu alfajiri akarudishwa nyumbani, na mpaka leo nikiona ukungu ule moyo unanipasuka. Sasa piga hesabu: dakika 5 zingenilia kama asilimia 3 tu ya mionzi.

Floraidi ikishashikana na kemikali ya kuanzia, hufuata hatua ya tindikali ya kuondoa vikundi vya kinga. Hiyo haina makuu, mradi ukumbuke kuizimua tindikali kwa besi baadaye.

Jua pia dawa yako inakwenda kufanya nini. Seli za uvimbe zenye njaa ya oksijeni hustahimili tiba ya mionzi kuliko zile zinazoipata ya kutosha, na daktari anataka kujua ziko wapi. FMISO huingia kote. Penye oksijeni hutoka tena. Pasipo na oksijeni ya kutosha, seli iliyo hai huibadilisha ikanasa humo humo. Hunasa polepole, kwa hiyo picha hupigwa saa 2 hadi 4 baada ya sindano. Waliozoea FDG, sukari yenye florini-18 ambayo husubiriwa kama saa 1, huteleza hapa: wanapanga uzalishaji bila kuhesabu kwamba mionzi lazima itoshe mpaka kamera ya mchana.

Mwisho ni vipimo: pH, usafi wa dawa, mabaki ya kriptofiksi. Majibu ya vijidudu huja baada ya siku 14, mgonjwa keshachomwa sindano zamani. Kwa hiyo kile kichujio cha mikromita 0.22 kipime kwa shinikizo kabla hujasaini, hata kama simu ya chumba cha kamera inalia mara ya tatu.