Kijana, ushughulikie mkono wa kushoto

Hawaishi kunijia vijana: "Ami, nataka kupiga jazi kwa piano." Nikisema haya, kaa upige, mkono wa kulia hukimbia kama kaa waliokurupushwa pwani, wa kushoto umelala. Mwanangu, huo uliolala ndio utakaokulisha.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilialikwa kukaa na kikundi cha taarabu, wimbo uko katika makamu ya rasti, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu. Nikajaza kila pengo kwa kodi zangu (za muziki, sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, si za serikali). Mzee wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, akaziba nyuzi kwa viganja, kimya, akanitazama. "Nitolee hiyo ya kati."

Ya kati ni sauti ya tatu. Rasti ikianzia Do, sauti hiyo hukaa baina ya Mi na Mi iliyoteremshwa. Udi na fidla huifikia. Piano, pamoja na funguo zake 88, haina. Ukishikilia Mi yako unagombana na mwimbaji. Basi kushoto nikabakisha Do na Sol tu, na wiki ya pili nikaitwa tena. Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alikuwa akibonyeza funguo mbili zilizopakana kwa pamoja, kama anayetafuta sauti iliyojificha katikati. Ijaribu usiku, kwa hedifoni, majirani wasijue.

Piano kuukuu ya mbao usinunue, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Unyevu wa bahari huifurisha mbao, nyuzi hushika kutu, na masika moja yatosha funguo kuganda. Tafuta kinanda cha umeme chenye funguo nzito.

Hoteli zinalipa, lakini masika baadhi hufunga na Ramadhani muziki hulala. Weka akiba, fundisha watoto, na muandikiane kila kazi. Niliwahi kupiga Disemba nzima kwa ahadi ya mdomo. Nikalipwa nusu, na sahani ya pweza.

Mama hakuwahi kuipenda kazi hii. Siku moja nikamsimulia Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa jazi wa Cape Town: mwaka 1963, mjini Zürich, Sathima Bea Benjamin, aliyekuja kuwa mkewe, alimshawishi Duke Ellington, kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazi Marekani, aende kumsikiliza, na kutoka hapo ikapatikana rekodi. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Mwenzio alikuwa na mtu wa kumsemea. Wewe unaye?"

Nikaenda kuosha vyombo.