Baiti 384 zilizoniaibisha Kadutu

Juzi mdogo wangu mmoja wa Uvira aliniandikia: "Yaya, kerneli yangu inawaka vizuri, halafu baadaye inakufa yenyewe." Chai yangu ilipoa. Ugonjwa huo wa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, naujua.

Nilikuwa nimeandika dereva (programu ya kuongoza kifaa) ya kupima maji ya tangi moja hapa Kadutu, Bukavu, ikiwa ndani ya kerneli ya Linux, kwenye kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya aina ya x86. Jedwali la viwango vya hatari, pamoja na anwani za funksheni za kupiga king'ora, nililitia alama ya __initdata. Nilitaka sifa ya kutopoteza kumbukumbu. Data yenye alama hiyo ni ya wakati wa kuwasha tu. Mashine ikishamaliza kuwaka, funksheni ya kerneli iitwayo free_initmem hurudisha kurasa zake za kumbukumbu, baiti 4096 kila moja, zitumike kwa kazi nyingine. Jedwali langu zima lilikuwa baiti 384.

Mezani kwangu maji hayakuwahi kufika juu, kwa hiyo jedwali halikuguswa. Siku ya kuonyesha kazi mbele ya waliotulipa, yalifika. Mashine ikaganda. Mkubwa mmoja akasema kwa Kifaransa kwamba kerneli si kazi ya vijana wa hapa. Miaka minne imepita na neno hilo bado linaniuma.

Skrini ilijaa cc cc cc, nami sikuelewa. Kerneli ya x86 hujaza kurasa hizo za kuwashia baiti ya 0xcc kabla ya kuziachia. Ukiona anwani ya cc tupu, shuku kwanza kwamba umeshika kitu kilichokwisha kuachiliwa.

Kwa nini sikuonywa? Modpost, chombo cha ukaguzi wakati wa kujenga kerneli, hukagua marejeo ya data kama hiyo yaliyomo kwenye faili zilizokompailiwa. Mimi pointa, yaani anwani ya jedwali, niliihifadhi wakati wa kuwasha, mahali isipoona. Kimya chake nikakichukua kama cheti. Wadogo zangu, msifanye hivyo! Wala msinyamazishe onyo la modpost kwa alama ya __ref kabla hamjajua nani atagusa data ile baadaye: taima, kikatizi (ishara ya kifaa) au uzi mwingine (kazi inayoendeshwa sambamba).

Mkitaka kunakili jedwali mahali pasipoachiliwa, funksheni ya kmemdup inatosha kwa jedwali lenyewe, lakini pointa zilizomo ndani yake hubaki zikielekea kulekule.

Mdogo wangu wa Uvira, usiku huu umeme ukiwepo, chapisha kwa %px, inayoonyesha anwani halisi, anwani ya jedwali lako, kisha ya __init_begin na ya __init_end, yaani mwanzo na mwisho wa eneo linaloachiliwa. Ya jedwali ikiangukia kati yao, ondoa alama ya __initdata, jenga upya, uniandikie.