Ukiandaa shughuli ya wafadhili wa chanzo cha maji, waanze kusema wanaochota

Assalam aleikum wenzangu. Kazi yangu ni mawasiliano na kuandaa shughuli, na kwa miaka kadhaa sasa nazisaidia kamati za shehia hapa Pemba, na mara moja moja Unguja, zinazotafuta fedha za kutunza misitu na mabonde yanayoshika maji. Vijana wengi wananiuliza inboksi kazi hii inakwendaje, maana baadhi yao wamepata nafasi kwenye jumuiya za kwao, basi nimeona bora niandike hapa mara moja, hasa yale yaliyoniuma.

Shughuli yangu ya mwanzo niliifanya ukumbini Chake Chake. Kiyoyozi, bango kubwa, slaidi arubaini, fulana za rangi moja. Watu wa shehia tuliwakalisha viti vya nyuma, na kwenye ratiba tukawapa dakika tano tu, pameandikwa "neno la shukrani kutoka kwa jamii". Akasimama bi mmoja mtu mzima, mjumbe wa kamati, akaeleza kwamba juu ya kisima chao kuna watu wanakata miti kwa kuni na mkaa, bonde la mpunga chini linakauka kabla ya wakati wake, kamati imeshawakataza mara nyingi lakini wale nao wana watoto wa kulisha, kwa hivyo fedha zikipatikana wanataka ziende kwanza kwa hao wakataji wapate kitu chengine cha kufanya. Mkalimani akayageuza yote yale kwa sentensi moja: anashukuru mradi na anaomba uendelee.

Mimi nilisikia. Nikanyamaza kwa sababu muda ulikuwa umekwenda na mgeni rasmi anasubiri. Mpaka leo linanikaa rohoni, maana siku ile nzima ni yeye peke yake aliyesema fedha zinatakiwa zifanye nini.

Kwa hivyo mkalimani usimchukue dakika za mwisho. Mpeleke shehiani siku moja kabla, akae na watu, azoee wanavyosema: bonde, kinamasi, mikandaa, maji ya chumvi kupanda mashambani. Mlipe vizuri. Mpange na msemaji, sentensi mbili tatu kisha anasimama, mwengine anageuza. Na wewe uwe na ujasiri wa kunyanyua mkono mbele ya wakubwa ukasema "samahani, hakusema hivyo".

Mara ya pili tulihamisha kila kitu tukakipeleka kisimani kwenyewe. Majamvi chini ya muembe, spika moja ndogo, chai ya tangawizi na vitumbua vya kina mama wa pale pale (tuliwalipa, si kujitolea). Tuliiweka wakati wa kaskazi, kabla ya masika, maji yakiwa chini, kwa sababu ukimleta mgeni mvua imeshanyesha kisima kimejaa ataona nini? Yule bi akachukua kamba yake ya ndoo, kamba ya makumbi, ina mafundo. Kila kaskazi hufunga fundo pale kamba inapogusa mdomo wa kisima ndoo ikifika maji. Akaitandaza kwenye jamvi, fundo la zamani na la mwaka huo yameachana kama dhiraa mbili. Mgeni mmoja akaishika akauliza fundo hili mwaka gani, akajibiwa huo mwaka aliozaliwa mjukuu wangu yule pale, na mtoto akasimama. Wallahi slaidi zangu arubaini hazikufanya kazi ile. Picha ya kamba ile ndiyo tuliyoiweka ukurasa wa mwanzo wa ombi, pamoja na vipimo vya kisima ambavyo vijana wa kamati walianza kuviandika daftarini kila wiki, maana mfadhili anataka na namba pia, ni haki yake.

Tarehe ziulize kwa wenyewe kabla hujatuma barua hata moja. Bamvua kina mama wako pwani, kwenye mwani na pweza, huwapati. Msimu wa karafuu ukipamba moto kijiji kizima kiko mikarafuuni. Ijumaa mchana usithubutu. Na Sheha apate taarifa mapema, si kwa simu tu, nenda ukakae naye barazani.

Jengine ni maneno ya kwenye fomu. Fomu nyingi siku hizi zinasema fedha ni za "watu wa asili na jamii za wenyeji". Huku Pemba mtu hasemi mimi mtu wa asili, anasema mimi mwenyewe wa hapa, wazee wangu wamezikwa hapa. Kule kusini Unguja utasikia habari za wavyale, wenye mji wa tangu zamani. Usimbandike mtu jina asilolitumia ili upate pesa. Eleza ukweli, kwamba hii ni jamii ya wenyeji, inatunza msitu kwa makubaliano na serikali, na makubaliano hayo yamo kwenye sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya 1996. Hiyo peke yake ina nguvu sana ukiieleza vizuri, na wengi wanaisahau.

Sasa pesa. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, 2021, serikali tano pamoja na mifuko binafsi ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa watu hao wanaotunza misitu, halafu ripoti ya wafadhili wenyewe ikaonesha kwamba mwaka ule wa mwanzo asilimia 7 tu ndiyo iliyofika moja kwa moja kwa taasisi zao. Nyengine zilipita kwa watu wa kati, na mimi na wewe tunaoandaa makongamano tumo humo ndani, tusijitoe. Ndiyo maana siku hizi bajeti ya shughuli naisoma mbele ya kamati kabla haijenda popote, nauli, chai, mkalimani, na malipo yangu. Niliwahi kuwasimulia habari za Coast Funds, mfuko wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa kule pwani ya British Columbia, Kanada, ulioanza 2007 na dola za Kanada milioni 120, sehemu ya uhifadhi na sehemu ya kazi za kiuchumi, na wenyeji ndio wenye kauli. Mzee mmoja hakushangaa hizo milioni, aliuliza nani anatia saini benki. Suala zuri mno. Mgeni akija, mshika fedha wa kamati ndiye afungue daftari lake mbele yake, usimfungulie wewe.

Picha, omba ruhusa, na rudisha. Zichapishe uwapelekee. Usimpige mtoto amelala njaa ili mfadhili alie.

Na mukishamaliza musipotee. Rikodi ya mazungumzo ipeleke redioni, sisi kaskazini tuna Redio Jamii Micheweni, watu wa shehia za jirani nao wasikie walichoahidiwa wenzao na walichoahidi.

Jibu la ombi letu lilichukua miezi mingi. Barua ilipokuja kiasi kilikuwa pungufu ya tulichoomba, na kuna aliyenishauri nisiwaambie mpaka fedha zifike. Nilikwenda nikawasomea yote skulini, mstari kwa mstari, na sehemu ya kupunguziwa nikaisoma mara mbili. Palikuwa kimya kidogo, halafu wakakaa siku ile ile wakapanga upya, wakaondoa pikipiki ya doria, wakabakisha miche na mizinga ya nyuki kwa wale wakataji wa juu. Mimi niliandika muhtasari, nikawasomea tena kabla sijapanda gari.