Nimehamia Glasgow, wanaopiga muziki wa asili wa huku nawapata wapi?

Swali: Mwalimu, nimetoka Unguja nimehamia Glasgow kikazi, napiga fidla ya taarab. Nikitafuta muziki wa Kiselti, ule wa asili wa Uskoti na Ayalandi, kwenye intaneti naletewa tiketi za matamasha tu. Wale wanaopiga mtaani wako wapi, na mimi naweza kujiunga nao?

Jibu: Kaka, unaweza, na kwa muziki huu huo mji ndo wenyewe. Unachotaka wewe ni sesheni, yaani wapigaji wanakaa kuzunguka meza kwenye baa, hakuna jukwaa wala kiingilio, anaeanza tyuni (wimbo wa kupigwa kwa ala) anaanza na wanaoijua wanaingia. Ingia thesession.org, kuna orodha ya sesheni kwa kila mji na noti za muziki za maelfu ya tyuni, bure kabisa. Ila orodha zinapitwa na wakati, so pigia baa simu kwanza kabla hujatoka na baridi ile. Baa ya Ben Nevis pale Argyle Street ina jina kwa mambo haya, anzia hapo. Ukiona wanapiga mbio mno, Glasgow Fiddle Workshop (siku hizi wanajiita Glasgow Folk-Music Workshop) wana madarasa ya watu wazima, mengine ya wanaoanza kabisa, na kule ndo utapata wenzio wa kwenda nao, mi naona ni njia rahisi kuliko kuingia peke yako hujui mtu.

Siku ya kwanza fidla iache kwenye kesi, kaa karibu usikilize, halafu muulize yule anaeanzisha tyuni kama kuna nafasi. Kurekodi kwa simu omba kwanza, wengi watakubali, ukifika nyumbani unazichukua kwa sikio. Mtu akianza kuimba, kimya, usimfuate na fidla mpaka akukaribishe.

Upande wa kupiga sasa. Kama nyuzi umezikaza Kiarabu zirudishe G D A E, manake tyuni nyingi ziko kwenye ufunguo wa D, G na A na vidole vyote vya wenzio vimekaa hivyo. Zile robo toni zetu, sauti za katikati ya noti, ziweke pembeni kwanza. Tyuni kwa kawaida ina vipande viwili, kila kimoja vipimo vinane vya mapigo na kinarudiwa, wanazunguka nzima kama mara tatu hivi halafu wanarukia nyingine bila kusimama, hapo ndo wageni wengi wanaachwa. Tyuni zenyewe ni za kuchezea na zina aina zake: jigi ina mapigo ya 6/8, wewe uliyezoea mdundo wa kumbwaya kwenye taarab hutapata tabu. Rili ni 4/4, inakimbia. Itakayokusumbua ni aina inayoitwa strathspey, hiyo ni ya Waskoti wenyewe, noti fupi inatangulia ndefu inafata kwa mshtuko, na mkono wa upinde lazima uufundishe upya. Wote wanapiga melodi moja, kama fidla za taarab tu, kwa hiyo usijitungie sauti ya pili.

Januari kuna tamasha la Celtic Connections, lipo tangu 1994, tiketi zake ndo hizo unazoletewa kwenye intaneti. Usizidharau, wakati huo wapigaji wa kila pembe wanajaa mjini.

Na kama pombe hutumii, soda inatosha, hakuna anaekuangalia unakunywa nini, ila usikae masaa matatu bila kununua kitu, mwenye baa nae anatafuta riziki.