Uchawi wa kulala na kuamka umejaa

SWALI: Naendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mambo ya sasa: Dar es Salaam ya majambazi, madeni na askari wala rushwa. Uchawi upo na nilitaka uogopwe. Kila mchawi ana pointi 10 za nguvu kwa siku, na dadu ya pande 20 ikiangukia 1, uchawi unamrudia. Lakini wachezaji wanautumia ovyo tu. Niongeze adhabu? Nimenunua mtandaoni jedwali la majanga 100, dadu ndiyo inayochagua lipi limpate mchawi.

JIBU: Jedwali liweke kando. Pointi nazo zifute.

Wahusika wako wanalala gesti, wanaamka pointi zimejaa; wamepoteza nini? Na 1 kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5. Mchawi akijaribu mara nne kwa kikao, uwezekano wa kumharibikia hata mara moja haufiki asilimia 19. Nani ataogopa hapo?

Hilo jedwali ndilo litakalokumalizia mchezo. Janga ambalo mchezaji hakulichagua halimuumi, linamchekesha. Mara vyura wanamtoka puani, mara nywele zimekuwa kijani, na usiku wa majambazi umegeuka vichekesho. Wanaouza vitu hivi wanauza bahati nasibu na kuiita hofu. Mchezaji anasita pale tu anapoijua bei na kuamua mwenyewe kulipa.

Kwa hiyo bei itajwe kabla dadu haijaguswa. Kisha atupe dadu mbili za pande 6. Jumla ikiwa 10 au zaidi, anapata alichotaka kwa bei ileile. Kuanzia 7 hadi 9, anapata ila bei inapanda ngazi moja. Ikiwa 6 au chini, analipa na hapati kitu. Katika matokeo 36, hayo ni 6, 15 na 15. Mchawi mzoefu mwongezee 1 kwenye jumla, yawe 10, 16 na 10. Usimpe 3: atakosa mara 3 tu kati ya 36, na utakuwa umerudi kulekule.

Ngazi za bei ni nne: kitu, mwili, mtu, jina. Tuseme anataka kufuli la ghala Kariakoo lifunguke. Bei ya kitu: ufunguo wa chumba chake hautafungua tena mkononi mwake. Kila usiku lazima agonge afunguliwe na mwenye nyumba, yuleyule anayemdai kodi ya miezi miwili. Mwingine anataka kamera zisimwone. Bei ya mwili: mashine hazisomi tena vidole vyake. Anakwenda kwa wakala kusajili laini, anabonyeza kidole gumba, anakipangusa kwenye suruali, anabonyeza tena, na watu kwenye foleni wameanza kuguna. Bila laini, hela za simu atazipokeaje? Bei hiyo iandike kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya mhusika.

Watajaribu kukulipa vitu visivyouma, mathalani kumbukumbu za darasa la tatu. Kataa. Bei iguse kitu kilichotumika mezani katika vikao viwili vilivyopita. Na usikimbilie kuua ndugu zao: ukimuua mama wa mmoja, kampeni ijayo, yaani mfululizo mpya wa vikao, wote watakuja na wahusika yatima wasio na hata jirani, na hutakuwa na cha kuwadai.

Kosa linalozaa mengine yote ni kuchukua kanuni za michezo ya mapanga na mazimwi, kubadilisha majina, na kuziita uchawi wa mjini. Mshale wa moto utafaa nini mbele ya bastola? Nani atatuma ujumbe kwa upepo ilhali ana simu? Pitia orodha yako, na chochote kinachowezekana kwa simu, bunduki au rushwa kikate. Yatabaki machache: kumsahaulisha shahidi, kumlazimisha maiti ajibu swali moja, kuhamisha deni toka kwa mtu hadi kwa mwingine. Na kabla ya kununua mfumo wa kanuni wa mtu mwingine, tafuta kwanza sehemu ya gharama. Ukikuta kurasa 40 za uchawi na aya moja ya anachopoteza mchawi, hela yako ibaki mfukoni.