Mfuko wa korosho usiopitisha hewa

Pole dada. Unasema korosho zako za kukaanga zinachacha ndani ya mifuko ya polithini, ingawa umeifunga kwa mashine. Polithini huzuia unyevu vizuri, lakini oksijeni hupenya plastiki yenyewe na kuharibu mafuta ya korosho. Kuongeza unene hupunguza tatizo tu. Nunua mfuko wa tabaka: PET (plastiki kama ya chupa za maji) nje, alumini katikati, polithini ndani ili mfuko ufungike kwa joto la mashine. Ukitaka wateja waone korosho, omba EVOH (aina ya plastiki angavu) katikati badala ya alumini. Huzuia oksijeni sana, ila hudhoofika kwa unyevu, hivyo lazima ibanwe kati ya polithini. Tafadhali kagua na mshono: zamisha mfuko majini, ubonyeze. Mapovu yakitoka, mara nyingi chumvi au mafuta yamenasa mdomoni. Ufute kabla ya kufunga.