"Mkojo mchafu" mara nne: maelezo ya mtu wa dirishani

Mkuu, nimesoma ulichoandika mara mbili na nimemhurumia wifi yangu. Kwa aliyeingia sasa hivi: mke wa jamaa kapimwa mkojo mara nne tangu mwezi wa tatu, zahanati tofauti tofauti hapa Tabora mjini, na mara zote jibu ni lile lile, "mkojo mchafu, una UTI". Kameza sipro, kameza azuma, kachomwa sindano za siku tano. Chini ya kitovu bado kunauma, kukojoa bado kunawaka. Mwenye uzi anauliza: hiki kipimo kinasema kweli, au tunafanyiwa biashara?

Biashara ipo, siwezi kukataa. Ila mara nyingi mambo yanaharibika mapema zaidi, kwenye kikopo.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka 19 sasa, kumi ya mwanzo kwenye kituo cha afya upande wa Nzega, iliyobaki hapa mjini. Sio daktari, siandiki dawa. Mimi ni yule dada wa dirishani anayekupa kikopo na kukuonyesha choo kwa kidole huku anaandika jina la mtu mwingine. Na hapo ndipo tunapokosea wengi, nami nikiwemo. Mgonjwa anakabidhiwa kikopo bila neno, halafu tunategemea alete mkojo wa kupimika.

Mkojo wa kutafutia UTI ni wa katikati. Mwanamke anawe kwa maji safi, mbele kwenda nyuma, atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa mwanzo auache uende chooni, ndipo aupishe kikopo njiani bila kukigusisha mwilini. Mwanaume asiyetahiriwa avute govi nyuma kwanza. Ule wa mwanzo unasomba seli za ngozi na bakteria wanaoishi pale nje siku zote bila kumdhuru mtu. Ukiuzungusha mkojo huo kwenye mashine na kuangalia mashapo yake kwenye hadubini, unakuta seli bapa, kubwa, zimetapakaa kama vipande vya chapati. Hizo ndizo seli za epithelia. Zikijaa, mimi najua huu mkojo umepita nje kabla ya kuingia kikopo, na seli za usaha zinazoonekana pembeni yake siwezi kuapa zimetoka kwenye kibofu. Huyo anatakiwa kurudishwa chooni na maelekezo. Lakini foleni ni ndefu, choo kiko nyuma ya jengo, mgonjwa ameshachoka. Inaandikwa tu, naye anaondoka na antibayotiki.

Jambo la pili ni muda. Kuna watu wanakojoa alfajiri nyumbani, wanaweka kikopo kwenye mkoba, wanapanda bodaboda, wanapitia sokoni. Bakteria wa utumbo akipata joto zuri anagawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja wa saa mbili asubuhi, ikifika saa nne wako 64. Mkojo upimwe ndani ya saa moja, ikizidi sana mbili, au ukae kwenye friji.

Sasa niwape aibu yangu. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, joto la Tabora mnalijua, tulipata wiki ambayo karibu kila aliyepima alikuwa na nitriti. Nitriti ni kile kiraka kinachogeuka pinki kwenye stripu, yaani kile kijiti chembamba chenye viraka vya rangi tunachochovya kwenye mkojo. Bakteria wengi wa UTI wanageuza nitrati ya kwenye mkojo kuwa nitriti, kwa hiyo kiraka kikigeuka ni ushahidi mzuri. Wazee wana UTI, watoto wana UTI, dereva wa lori aliyekuja kupima malaria naye ana UTI. Siku ya nne nikapata wasiwasi, nikachukua maji ya chupa niliyokuwa nakunywa, nikachovya stripu. Maji ya kunywa yana UTI! Kumbe kopo la stripu lilikuwa linashinda wazi mezani, maana kufungua na kufunga kila mara tuliona ni usumbufu. Stripu zikinyonya hewa na unyevu zinaharibika, na kiraka cha nitriti kinaweza kugeuka chenyewe. Niliyemkabidhi zamu na kopo likiwa wazi ni mimi. Sijui ni watu wangapi walimeza dawa wiki ile kwa ajili ya mfuniko. Tangu hapo, kila asubuhi nachovya stripu moja kwenye maji kabla ya mgonjwa wa kwanza, na wenzangu wananicheka.

Kikopo nacho, tafadhali, chukueni cha maabara. Mzee mmoja mrina asali kutoka Sikonge alikuja na mkojo wake kabisa kutoka nyumbani. Sukari alama nne za kujumlisha. Mwanawe aliyemleta akaanza kulia pale pale kwenye benchi. Tukamtoboa kidole, sukari ya damu 5.2, ya kawaida kabisa. Nikamuuliza, baba, hiki kichupa ni cha nini? Akasema kwa fahari, "Hiki? Nilikuwa nawapelekea wateja waonje." Alikikung'uta tu. Na usijaribu kukiosha kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe ukadhani umemaliza kazi, masalia yake yanaweza kukuletea sukari na damu za uongo.

Kwa hiyo mkuu, kipimo kinasema kweli kama kilicholetwa ni kweli. Kinachoniuma mimi ni kingine. Karatasi ya mkojo ina majibu kama kumi, sisi tumelifanya swali moja tu: UTI ipo au haipo? Macho yanakimbilia seli za usaha, mengine yanapitwa.

Mfano protini. Figo ni chujio, protini haitakiwi kupita kwa wingi. Alama moja ya kupita inaweza kuwa homa au kazi ngumu ya jana, unarudia siku nyingine. Lakini kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, protini si jambo la kusubiri. Mdogo wangu wa Urambo, mimba ya kwanza, mahudhurio mawili mfululizo aliruka kipimo cha mkojo kwa sababu, eti, foleni ya choo. Akaja kwangu kusalimia, viatu havimwingii, anasema kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli. Sikumpikia hata chai. Protini alama tatu, presha 160 kwa 110. Wakati tumezoea kuanza kuhangaika kuanzia 140 kwa 90! Alilazwa saa hiyo hiyo, akachomwa magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, na mtoto akatolewa kabla ya siku zake. Leo yuko darasa la pili, mtundu ajabu. Mama kijacho anayesoma hapa, kile kikopo cha kliniki hakitafuti UTI peke yake.

Sukari kwenye mkojo nayo ina hila yake. Figo huwa zinairudisha sukari kwenye damu mpaka ifike kama 10 hivi ndipo zinaachia. Mtu anaweza kuwa na 8 kabla ya kula, tayari ana kisukari, na mkojo ukaonekana safi. Ukiiona kwenye mkojo kapime damu, usipoiona na unakojoa hovyo usiku huku kiu haiishi, kapime damu vile vile.

Rangi nitazipitia haraka maana kila wiki mtu ananiuliza. Njano iliyoiva ni maji hukunywa, na wanaoshinda kwenye mashamba ya tumbaku wanajua. Njano ya kung'aa baada ya vidonge vya vitamini B ni vidonge. Wa chungwa au mwekundu kwa aliyeanza dawa za TB ni rifampisini, usiache dawa. Wa rangi ya soda nyeusi pamoja na macho ya njano ni ini, au malaria kali iliyovunja damu, na hapo hukai nyumbani.

Damu ndiyo nilitaka nifike, kwa sababu, mkuu, nimezikuza zile picha nne za karatasi ulizoweka.

Nimekulia kwenye majaruba. Sisi watoto tulikuwa tunaingia kwenye maji tangu kupandikiza mpunga hadi kuvuna, na ng'ombe tuliwanywesha lamboni, tukaogelea humo humo. Kaka yangu alianza kukojoa damu akiwa darasa la tano. Si mwanzoni mwa mkojo, mwishoni, matone ya mwisho mekundu. Alijificha? Hata. Wavulana wengi walikuwa nayo, wakaambiana ndio kupevuka kwa kiume, kama hedhi ya wasichana. Asiyekojoa damu ndiye aliyetaniwa. Mama alijua siku alipofua kaptula.

Hicho ni kichocho cha mkojo. Mnyoo wake aliuona daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Cairo mwaka 1851, na majaruba yetu na malambo yanampenda kwa sababu ya konokono wa maji baridi wanaomlea kabla hajaingia kwa mtu kupitia ngozi. Minyoo wanakaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu, wanataga. Yai lenyewe kwenye hadubini ni kama mbegu ya tikiti yenye mwiba mmoja mkiani, na mwiba huo ndio unaochana. Wenzetu wa Kigoma kando ya ziwa wanasumbuliwa zaidi na ndugu yake wa tumbo, ambaye mwiba wa yai uko ubavuni na yai linatafutwa kwenye choo kikubwa.

Kuna kitu nilifundishwa kazini ambacho wagonjwa hawaambiwi. Yai la kichocho cha mkojo halitafutwi kwenye mkojo wa alfajiri. Linatoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na tunataka matone ya mwisho, kinyume kabisa na mkojo wa UTI. Kule Nzega watoto nilikuwa nawazungusha mbio uwanjani kwanza, wapande na kushuka ngazi, ndipo wakojoe. Wazazi walidhani nawaadhibu. Mtoto aliyekuja saa mbili na karatasi safi, saa sita nakuta mayai matano, sita. Dawa ni prazikuanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inamezwa baada ya kula maana ni chungu na inachafua tumbo. Ndiyo ile ya kingatiba shuleni, watoto wanapimwa urefu kwenye kijiti chenye alama.

Rudi kwenye karatasi zako. Nitriti hasi, zote nne. Seli za epithelia "nyingi" kwenye tatu. Seli za usaha 6 hadi 10, ambazo kwa mkojo uliochafuka vile sizipi uzito, hata kama kawaida tunaanza kuuliza zikizidi tano. Na damu: alama moja, alama moja, hasi, alama mbili. Hakuna aliyeigusa. Umesema hedhi haikuwepo siku hizo, na umesema, kwa kupitia tu, kwamba wifi amekulia Igunga, nyumba ya wakulima wa mpunga.

Sisemi ana kichocho. Damu kwenye mkojo inaweza kuwa mawe, inaweza kuwa UTI ya kweli, na nitriti hasi peke yake haiifuti. Lakini kwa mwanamke, mayai haya yanaweza kukaa hata kwenye mlango wa kizazi, yakaleta maumivu, uchafu na damu baada ya tendo, naye akatibiwa magonjwa ya zinaa miaka na miaka, na ndoa ikaingia maneno. Na kibofu kikichanwa miaka mingi bila dawa kinaweza kufika kwenye saratani. Ndiyo maana sitaki mpite juu juu.

Ningekuwa nyinyi, ningefanya hivi. Dawa mpya asianze kwanza. Aende hospitali kubwa yenye kuotesha mkojo, ile watu wa maabara tunaita kalcha, aseme siku aliyomaliza sindano. Apewe kikopo kilichotakaswa, achukue wa katikati kama nilivyoeleza. Majibu yanachukua siku mbili, wakati mwingine tatu, na yakitoka yanataja bakteria gani na dawa gani inamuua, si kubahatisha. Wakihesabu laki moja kwa mililita na ni bakteria wa aina moja, hiyo ni UTI na haina ubishi sana. Siku hiyo hiyo asubiri hadi saa sita, atembee tembee, atoe kikopo cha pili cha matone ya mwisho, na aseme kwa mdomo wake, "Naomba mniangalie kichocho, nimekulia kwenye majaruba." Asiposema, hakuna atakayemuuliza. Yai lisipoonekana mara ya kwanza arudie siku mbili nyingine, maana kwa mtu mzima aliyeambukizwa zamani yanakuwa machache. Daktari amkague na huko chini pia, ikibidi daktari wa kike, wewe mkuu ubaki nje.

Akipata homa na baridi, maumivu ya ubavuni kwa nyuma, kutapika, au akijikuta mjamzito, haya yote yaruke, aende leo.

Picha za majibu ukiziweka ziba jina lake kwanza, zile za mwanzo hukuziba. Wiki hii niko zamu ya usiku, nitazisoma asubuhi nikitoka.